Je, Wajua? Banco: Ni Kiti, Ni Fedha, Ni Samaki

Kinkondja iko kando ya Ziwa Kisale, katika mkoa wa Haut-Lomami ambao makao yake makuu ni Kamina. Lugha za huko ni Kiluba na Kiswahili, na shuleni Kifaransa. Kihispania ni mgeni. Hata hivyo, iko nomino moja ya Kihispania inayoweza kuzunguka mji huo mchana kutwa bila kukosa kazi: banco. Utaikuta barazani, sokoni, mtumbwini na hata makaburini. Anayejifunza Kihispania akiishika vizuri, ameshika kanuni moja yenye faida: usiulize tu neno lina maana gani, tazama limeandamana na nani.

MATAMSHI NA SARUFI

1. Je, wajua kwamba mkazo wa banco unakaa palepale unapokaa mkazo wa Kiswahili? Ni silabi ya pili kutoka mwisho: BAN-co, BAN-cos, ban-QUE-ro. Kihispania hufanya hivyo kwa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s, ila pale alama ya mkazo inapoandikwa kuonyesha vinginevyo.

2. Je, wajua kwamba n ya banco si n ya "nanasi"? Ikikaa mbele ya sauti ya k, hutamkwa nyuma ya kinywa, sawa na n ya "benki". Mswahili hahitaji kufundishwa. Ulimi wake unajua.

3. Je, wajua kwamba Wahispania huandika b na v lakini hutamka sauti moja? Banco na vaca (ng'ombe) huanza sawasawa. Ukisikia tu, huwezi kujua herufi. Lazima uwe umeliona neno limeandikwa.

4. Je, wajua kwa nini banco huzaa banquero na banquillo, zenye qu? Herufi c mbele ya e au i hupoteza sauti ya k. Ili k ibaki, huandikwa qu, na u hiyo haitamkwi kabisa.

5. Je, wajua kwamba Kihispania kina ngeli mbili tu za nomino, ya kiume na ya kike? Banco ni ya kiume: el banco viejo (benchi kuukuu), los bancos viejos (mabenchi makuukuu). Aliyekua akisema "kiti kizuri, viti vizuri" hana la kuogopa hapa. Upatanisho ameunyonya pamoja na maziwa.

6. Je, wajua kwamba mwanafunzi wa Kinkondja aliyesoma Kifaransa anaanza na faida pamoja na mtego? Kifaransa kina maneno mawili: banc kwa kiti, kundi la samaki na fungu la mchanga, banque kwa mahali pa fedha. Kihispania huyaweka yote ndani ya banco. Faida: maana zote tayari anazijua. Mtego: atatafuta neno la pili ambalo halipo.

7. Je, wajua kwamba benki na benchi za Kiswahili ni ndugu wa damu wa banco? Shina lao ni la lugha za Kijerumani za kale, nalo lilitaja kiti kirefu cha ubao. Wabadilisha fedha wa Italia walifanya kazi juu ya meza na mabenchi, ndipo jina la ubao likahamia kwenye biashara yenyewe. Kiswahili sanifu kilipata maneno hayo mawili kupitia Kiingereza; Wakongo wasemao "banki" wamelipata kwa Wafaransa na Wabelgiji.

BANCO YA KUKALIA

8. Je, wajua tofauti ya silla, taburete na banco? Silla ni kiti cha mtu mmoja chenye egemeo. Taburete ni kigoda, hakina egemeo. Banco ni kirefu, hukaliwa na watu kadhaa: cha kanisani, cha bustanini, cha kungojea zamu katika zahanati.

9. Je, wajua kwamba Waluba wana kiti maarufu duniani ambacho hakikutengenezwa ili kupumzikia? Kinaitwa kipona au lupona. Mara nyingi kinabebwa na mwanamke aliyechongwa kwa mti, ameinua mikono kukitegemeza. Kilihifadhiwa kwa siri, kimefungwa kitambaa, kikatolewa kwa mambo makubwa ya utawala. Kwa Kihispania ungekiita taburete, au asiento de jefe, kiti cha chifu. Banco hapana: chifu hakai na wenzake ubao mmoja.

10. Je, wajua kwamba mmoja wa wachongaji wakubwa wa viti hivyo anajulikana duniani kwa jina la kijiji? Ni "Mwalimu wa Buli", kwa sababu baadhi ya kazi zake zilikusanywa Buli. Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyetambua kwamba nyuso zile ndefu zenye huzuni zinatoka kwenye mtindo mmoja. Kiti kimoja cha mtindo huo kimo Metropolitan Museum, New York.

11. Je, wajua kwamba kwa Waluba kiti ni zaidi ya samani? Mfalme alipofariki, makao yake yaligeuka kitenta, yaani kiti cha roho yake. Roho hiyo ilikaa katika mwili wa mwanamke aliyeitwa Mwadi, akatunza mahali hapo na kupewa heshima ya mfalme mwenyewe.

12. Je, wajua kwamba benchi la mawe lililojengwa ukutani nje ya nyumba za Zanzibar na Lamu, yaani baraza, lina jina lake kamili katika Kihispania? Ni poyo. Jihadhari: Wahispania wengi hutamka poyo sawa na pollo, nyama ya kuku. Ukisema umekaa juu ya poyo, hakikisha msikilizaji anaona ukuta.

13. Je, wajua kwamba baraza la Kiswahili na banco la Kihispania yalipanda cheo kwa ngazi moja? Baraza lilianza kuwa mahali pa kukaa, likawa watu wanaokaa, hata tukapata baraza la mawaziri. Katika Bunge la Hispania, mawaziri hukaa kwenye banco azul, benchi la buluu, na mwandishi wa habari akiandika banco azul anakusudia serikali iliyo bungeni.

14. Je, wajua kwamba benchi mashuhuri kuliko yote Barcelona limejipinda kama nyoka? Liko Park Güell, bustani iliyojengwa kati ya 1900 na 1914. Ni kazi ya Antoni Gaudí na msaidizi wake Josep Maria Jujol, nalo limefunikwa vipande vya vigae vya rangi.

15. Je, wajua kwamba wachezaji wa akiba Hispania hukaa kwenye banquillo, lakini Mexico hukaa kwenye banca? Mashabiki wa TP Mazembe waliona mabenchi yote mawili Abu Dhabi, Desemba 2010, katika Kombe la Dunia la Vilabu. Kwanza waliifunga Pachuca ya Mexico 1-0. Wakaiondoa Internacional ya Brazil 2-0. Fainali wakafungwa 3-0 na Inter ya Milano, ambayo kocha wake alikuwa Mhispania Rafael Benítez. Timu ya Lubumbashi ikawa ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali hiyo.

16. Je, wajua kwamba banquillo ni mahali pa kuogopwa pia? El banquillo de los acusados ni benchi la washtakiwa, jamaa wa kizimba chetu. Sentar en el banquillo, "kumkalisha mtu benchini", ni kumfikisha mahakamani. Kwa mchezaji ni kunyimwa namba. Kwa mshtakiwa ni kunyimwa usingizi.

BANCO YA FEDHA

17. Je, wajua kwamba herufi kubwa inakupa nusu ya jibu? Jina kamili la taasisi huandikwa kwa B kubwa: Banco Central del Congo, Banco Mundial (Benki ya Dunia), Banco Africano de Desarrollo (Benki ya Maendeleo ya Afrika). Ukikuta Banco katikati ya sentensi, usitafute pa kukaa.

18. Je, wajua kwamba Banco de España ina mizizi ya mwaka 1782, ilipoanzishwa Banco de San Carlos? Jina la sasa ilipewa 1856. Iliwahi kutoa peseta. Sarafu na noti za yuro ziliingia mikononi mwa watu Januari 2002.

19. Je, wajua kwamba kando ya Ziwa Kisale watu walizikwa na fedha zao karne nyingi kabla ya banki yoyote? Makaburi ya Sanga yalianza kuchimbwa kitaalamu na Jacques Nenquin mwaka 1957, akafuata Jean Hiernaux, na miaka ya 1970 Pierre de Maret. Katika makaburi ya kipindi kinachoitwa Kikabambia, kuanzia karibu karne ya 14, walikuta misalaba midogo ya shaba. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba ilipungua ukubwa na kufanana vipimo. Ndiyo sababu wataalamu wanaisoma kama fedha: kitu cha kuhesabiwa lazima kifanane na mwenzake.

20. Je, wajua kwamba shaba hiyo haikuchimbwa ziwani? Ilitoka kusini, kwenye ukanda wa shaba wa Katanga. Wakazi wa Kisale walikuwa na samaki; wa kusini walikuwa na madini. Biashara ilikwishakomaa, na hakuna aliyejaza fomu.

21. Je, wajua kwamba msalaba huohuo ulirudi karne ya 20? Katanga ilipojitangaza huru mwaka 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Sarafu zake za 1961, za faranga 1 na 5, zilichorwa msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Katanga ilirejeshwa ndani ya Kongo mwaka 1963, na leo sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji.

22. Je, wajua kwamba Kihispania kina nchi yake kusini mwa Sahara? Ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Tangu 1985 inatumia faranga ya CFA, inayotolewa na benki yenye makao Yaoundé. Kwa Kihispania benki hiyo huitwa Banco de los Estados de África Central.

23. Je, wajua kwamba gavana mmoja wa banco alikuja kupigana vita mashariki mwa Kongo? Ernesto Che Guevara aliteuliwa kuongoza Banco Nacional de Cuba Novemba 1959, na noti za wakati wake alizitia saini kwa neno moja tu: Che. Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akakaa na waasi upande wa Fizi hadi Novemba mwaka uleule.

24. Je, wajua kwamba huko gavana huyo mstaafu alipewa jina la Kiswahili? Wacuba walijificha nyuma ya tarakimu. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Che akawa Tatu. Mtu aliyezoea kuhesabu akiba ya nchi nzima akaishia kuwa namba.

25. Je, wajua kwamba banquero na bancario si mtu mmoja? Banquero ni mwenye benki au mkubwa wake. Bancario kwa kawaida ni kivumishi: cuenta bancaria, akaunti ya benki. Katika baadhi ya nchi bancario ni mfanyakazi wa benki pia. Mwite karani banquero, naye atacheka au ataomba mshahara mpya.

26. Je, wajua kwamba huduma ya fedha kwa simu si banco bali banca? Banco ni taasisi au jengo. Banca, kwa ngeli ya kike, ni shughuli yenyewe: la banca móvil, la banca electrónica. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Kongo mwaka 2012. Mvuvi anayepokea malipo ya samaki kwa simu ana banca mkononi ingawa banco iko mbali.

27. Je, wajua kwamba Wakongo wana "banki" isiyo na jengo, kaunta wala mlinzi? Ni bank Lambert, jina la mtaani la mkopo wa riba kali, ambayo kwa mwezi mmoja inaweza kufikia nusu ya deni. Jina limeazimwa kutoka benki ya zamani ya Ubelgiji, isiyohusika na mchezo huo. Usimwite mkopeshaji wa aina hiyo banquero. Kihispania kina neno linalomfaa: usurero.

28. Je, wajua kwamba likelemba, ambayo Tanzania huitwa upatu, nayo haiitwi banco? Wamexico huiita tanda, Wadominika huiita san. Kila mmoja anachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Maelfu ya kilomita mbali, akina mama wamefikia hesabu ileile.

BANCO YA MAJINI

29. Je, wajua kwamba banco ikiongezwa "de peces" inaanza kuogelea? Un banco de peces ni kundi kubwa la samaki wanaokwenda pamoja. Amerika ya Kihispania utasikia sana cardumen, na maana ni hiyohiyo.

30. Je, wajua kwamba Kihispania kinamwita samaki majina mawili kufuatana na bahati yake? Akiwa hai majini ni pez, wingi peces. Akishavuliwa na kuwa chakula ni pescado. Tilapia anayeogelea Kisale ni pez. Akitua kwenye sahani kando ya bukari ni pescado. Akibanikwa juu ya moshi na kupakiwa kwenda kuuzwa Bukama au Lubumbashi, ni pescado ahumado.

31. Je, wajua kwamba manahodha wa Mto Lualaba huogopa banco kuliko mamba? Banco de arena ni fungu la mchanga chini ya maji. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo mto unapitika kwa vyombo hadi Kongolo, zaidi ya kilomita 600. Njia hiyo inapita Ziwa Kisale, ambako maji ni ya kina kifupi, mchanga unahama na mafunjo yanaziba. Mkondo wa jana si lazima uwe wa leo.

32. Je, wajua kwamba ukingo wa mto hauitwi banco hata kidogo? Ukingo ni orilla, au ribera. Wenye kuanzia Kiingereza hunaswa hapa kila siku, kwa sababu lugha hiyo ina neno moja kwa benki ya fedha na kingo za mto. Ukisema Kinkondja iko "en el banco del lago", msikilizaji atauliza kama ziwa lina akaunti. Sema: a orillas del lago Kisale.

33. Je, wajua kwamba Kisale ina visiwa visivyotulia? Mafunjo hushikana mizizi yakawa zulia nene linaloelea, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Kwa Kihispania hivyo ni islas flotantes. Si bancos, kwa kuwa banco ya mchanga imeshika chini, visiwa hivi havijashika kitu.

34. Je, wajua kwamba banca ni mtumbwi pia? Kamusi ya Kihispania inalo neno hilo kwa chombo chembamba cha Ufilipino kilichochongwa kwenye gogo moja na kuendeshwa kwa kafi. Limetoka Kitagalogi, halina undugu na benchi. Yamefanana sura tu. Mvuvi wa Kisale angelitambua chombo hicho bila mkalimani.

35. Je, wajua kwamba Colombia ina mji unaoitwa El Banco? Uko kando ya Mto Magdalena, jirani na ziwa-bwawa la Zapatosa, na maisha yake ni uvuvi na mitumbwi. Hapo ndipo alipozaliwa José Barros mwaka 1915, mtunzi wa La Piragua, wimbo wa kumbia unaohusu mtumbwi uliotoka El Banco kwenda Chimichagua. Kinkondja ikitafuta mji dada Amerika, jina ndilo hilo.

36. Je, wajua kwamba fungu la mchanga mashuhuri Afrika liko Mauritania? Wafaransa huliita Banc d'Arguin, Wahispania Banco de Arguin. Mwaka 1816 meli ya Kifaransa Méduse ilikwama huko, na maafa yake yakamfanya Théodore Géricault achore mojawapo ya picha kubwa za Ufaransa. Tangu 1976 ni hifadhi ya taifa, na tangu 1989 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

37. Je, wajua kwamba hata ukungu una banco? Banco de niebla ni wingu zito la ukungu lililolala juu ya maji au barabara. Mvuvi anayetoka alfajiri anaweza kupita bancos tatu kabla ya chai: ya ukungu, ya mchanga, na akibahatika, ya samaki.

BANCO YA AKIBA

38. Je, wajua kwamba banco huhifadhi visivyo fedha? Banco de sangre ni benki ya damu, jambo la uhai na mauti pale malaria inapomkausha mtoto damu. Banco de alimentos hukusanya chakula cha wahitaji. Banco de semillas huhifadhi mbegu. Katika zote, mtu anaweka leo ili mwingine achukue kesho.

39. Je, wajua kwamba benki kubwa ya migomba duniani haiko nchi ya migomba? Iko Leuven, Ubelgiji, katika chuo kikuu cha KU Leuven, yenye zaidi ya sampuli 1,500 za ndizi zilizotunzwa maabara. Kihispania: banco de germoplasma.

40. Je, wajua kwamba Waluba walikuwa na banco de datos kabla ya kompyuta? Ni lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, kilichopigiliwa shanga au kuchongwa alama. Wataalamu wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu yake wakisimulia wafalme, safari na mipaka. Shanga moja ingeweza kubeba mtu, mahali au tukio, kufuatana na msomaji na hadhira yake. Kumbe kutazama kilichoandamana na alama kabla ya kuitafsiri ni elimu ya zamani huku.

NDUGU NA MITEGO

41. Je, wajua kwamba Argentina na Uruguay banco huweza kuwa kitenzi? Kitenzi ni bancar. Te banco: nakuunga mkono. No me lo banco: simvumilii. Bancame un minuto: nisubiri dakika moja. Usimjibu anayekuambia "te banco" kwamba huhitaji mkopo.

42. Je, wajua kwamba banca hubadilika kila unapovuka mpaka? Mexico ni benchi. Jamhuri ya Dominika ni kibanda cha bahati nasibu. Argentina ni kiti cha mbunge. Na banqueta, kigoda kwa Mhispania, kwa Mmexico ni njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara.

43. Je, wajua kwamba kufilisika na karamu ni watoto wa benchi moja? Bancarrota imetoka Kiitalia, "benchi lililovunjika". Banquete, yaani karamu, imepitia Kifaransa kutoka neno la Kiitalia la benchi dogo. Mmoja hula mpaka wa pili afike.

44. Je, wajua kwamba herufi moja hukutoa benki na kukutia melini? Banco, barco (meli), blanco (-eupe). Mwenye ulimi unaochanganya l na r afanye zoezi hili kwa sauti: El barco blanco está en el banco. Meli nyeupe iko kwenye fungu la mchanga.

45. Je, wajua kwamba Kihispania kina methali ya mhunzi yenye banco? Herrar o quitar el banco: mvishe farasi kwato za chuma, au ondoa benchi. Huambiwa mtu anayesitasita. Sisi tungemwambia achague moja, mshika mawili moja humponyoka.

JIPIME

Banco ipi ni ipi? Ficha majibu, kisha usome.

a) El banco cierra a las cuatro.
b) Los pescadores vieron un banco de peces.
c) La abuela descansa en un banco de madera.
d) El juez lo sentó en el banquillo.
e) Hay un banco de arena cerca de Bukama.
f) Comemos pescado en el banco.

Majibu. (a) Benki: inafungwa saa kumi jioni, na benchi halifungwi. (b) Kundi la samaki. (c) Benchi la mbao, bibi anapumzika. (d) Kizimba, ametajwa hakimu, si kocha. (e) Fungu la mchanga. (f) Wanakula samaki benchini, au ni wafanyakazi wa benki saa ya chakula cha mchana. Sentensi hiyo peke yake haitoshi, na aliyejibu "siwezi kusema mpaka nijue walikuwa wapi" ndiye aliyepata alama zote.